Mrejesho: Kuchomelea bati jembamba la alumini kwa TIG (kuchomelea kwa umeme wa ncha ya tungsteni na gesi ya kukinga)

Wakuu, nilikuwa nimeuliza kwa nini bati la alumini la milimita 1.5 linatoboka kabla hata waya wa kujazia mshono haujashika. Nimefuata ushauri wenu, mambo yamenyooka.

Siri kubwa ni usafi. Utando wa oksidi juu ya alumini huyeyuka kwenye nyuzi 2,000 na ushee, alumini yenyewe 660 tu. Ndiyo maana chini kulikuwa uji huku juu ngozi imegoma. Sasa nafuta mafuta kwa asetoni, kisha nasugua kwa brashi ya chuma cha pua ambayo haigusi chuma kingine kabisa. Mashine iko AC (mkondo geu wa umeme), gesi ni agoni tupu.

Kidimbwi cha alumini iliyoyeyuka kikishang'aa kama kioo, hapo hapo nachovya waya na kulegeza pedali ya mguu ili umeme upungue. Usisubiri alumini iwe nyekundu, haibadiliki rangi. Utashtukia imeshadondoka (aliyenionya hili, asante sana). Bamba la shaba nyuma ya mshono nalo linanyonya joto vizuri.

Kilichobaki ni kona za nje, bado zinaliwa. Mwenye mbinu atie neno.