Bunge ni nani hasa: Rais yumo au hayumo?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila kuingiza vyama.

Juzi nilikuwa nabishana na rafiki yangu mwanasheria. Nikasema Bunge ndilo linaloisimamia Serikali. Akanikatiza: "Sehemu ipi ya Bunge?" Nikaenda kufungua Katiba ya Tanzania ya 1977. Ibara ya 62 inasema Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Ibara ya 63 inakabidhi kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, kwa niaba ya wananchi, kwa "sehemu ya pili ya Bunge".

Sehemu ya pili! Watu tuliowapigia kura kwenye majimbo yote hawana hata jina lao.

Sasa ruka mpaka ibara ya 97. Muswada hauwi sheria mpaka upitishwe na Bunge na ukubaliwe na Rais. Hapa Bunge ni wabunge peke yao, maana kama Rais yumo ndani, kibali chake kinatajwa tena cha nini? Na ibara ya 90 inapompa Rais uwezo wa kulivunja Bunge, bila shaka hajivunji mwenyewe.

Rafiki yangu anasema huo ni utaratibu wa Uingereza, ambako mfalme ni sehemu ya bunge, nasi tumeurithi. Kweli. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lililoanza 1926, liliongozwa na gavana mwenyewe. Historia hiyo sibishani nayo. Ninachokataa ni neno moja kubebeshwa maana mbili ndani ya Katiba, tena katika Kiswahili, lugha yetu wenyewe, wakati tafsiri ya Kiingereza ina majina mawili yanayojitenga vizuri: Parliament kwa chombo kizima, National Assembly kwa wabunge.

Zanzibar walishalimaliza. Katiba yao ya 1984 inakiita chombo kizima Baraza la Kutunga Sheria, na wawakilishi wana Baraza la Wawakilishi. Kenya, kwa Katiba ya 2010, walimtoa Rais kabisa.

Maoni yangu: jina Bunge wabaki nalo wabunge. Mpambe wa Bunge anapoingia ukumbini Dodoma na siwa, ile alama ya mamlaka ya Bunge, Spika nyuma yake, kila Mtanzania anayetazama anajua hilo ndilo Bunge. Chombo kizima, Rais akiwemo, kitafutiwe jina lingine.

Anayetaka Rais abaki ndani ya jina hilo, naomba anieleze ibara ya 97 tuisomeje.