Mikopo ya asilimia 10 inainua watu kweli au tunawahesabu waliobaki tu?

Mleta mada, Ilemela

Wakuu habari za saa hizi. Kuna jambo linanikera siku nyingi naomba tulijadili bila matusi na bila kuleta vyama. Ni hii mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba, ikasimamishwa 2023 ikarudi 2024. Kila nikiuliza kama inasaidia naambiwa sana tu, na ushahidi ni ule ule, kikundi fulani kilianza na ndoo mbili za dagaa leo kina mashine ya kusaga, mwenyekiti kapigwa picha na mgeni rasmi wameshika hundi ya mfano kubwa kama mlango. Kuna kikao kimoja nilikuwepo, ikasomwa taarifa kwamba kipato cha wanavikundi kimepanda, watu makofi, nikanyoosha mkono nikauliza kimepanda kuliko cha nani? Nikaambiwa nisikatishe watu tamaa.

Sasa hapa hakuna wa kuninyamazisha. Tuseme vikundi 40 vilikopa, hiyo namba ya mfano tu msinishike shati. Baada ya miaka mitatu 15 vimesambaratika, mwenyekiti kahamia Geita, katibu hapokei simu, mhasibu ndio kabisaa. Anayefanya tathmini anaenda kwa wale 25 maana ndio wanaopatikana, anakuta wanaendelea vizuri, anaandika. Si lazima akute hivyo? Ni sawa na kutaka kujua mitumbwi ya hapa ni salama kiasi gani halafu unawauliza waliorudi nchi kavu.

Na hata hao 25, mtu anayeweza kukusanya wenzake, wakaandika katiba, wakafungua akaunti, akamfuata afisa maendeleo wa kata mara saba bila kukata tamaa, mtu wa hivyo hata bila mkopo angefika mahali. Kwa hiyo ule upandaji wa kipato ni wa mkopo au ni wa mtu mwenyewe? Msimamo wangu hatujui, na wanaosema "mbona tunaona kwa macho" ndio wanajidanganya kuliko wote. Karibuni.

Muuza dagaa, Kirumba

Mdogo wangu pole na kikao lakini mimi hayo macho unayoyadharau ndiyo yangu. Kabla ya mkopo wa kikundi nilikuwa nakopa kausha damu, unachukua laki unarudisha kila siku hadi jasho linakauka, ukichelewa wanakuja kubeba kabati na tivii mbele ya watoto. Kipato changu sijui kama kimepanda, huku mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, kipato kinapanda na kushuka kama mawimbi, ila siku hizi simu ikiita usiku sishtuki. Hilo liko kwenye dodoso lenu?

Halafu ngoja niwape siri. Walikuja vijana na vishkwambi kutuhoji mapato ya wiki iliyopita, mara ya kwanza walikuja mwezi umejaa, mbalamwezi kweupe, mitumbwi yote imelala maana dagaa hawafuati taa kukiwa na mwanga wa mwezi, nikasema ukweli sijauza kitu. Mara ya pili wakaja katikati ya giza, mzigo unashuka mpaka pa kuanikia hapatoshi. Nikawaambia wanangu hapa mtaandika nimetajirika. Wakacheka wakaandika.

Mwalimu wa hesabu, Nyegezi

Dada hapo kwa mwezi umefundisha somo ambalo mimi ningelifundisha wiki nzima. Ukipima kabla na baada bila kundi la kulinganisha, unapima mwezi.

Niongeze kwa alichosema mleta mada, hii ngoma wameshaicheza wenzetu. Bangladesh, Pitt na Khandker walitoa utafiti 1998 kwamba kila taka 100 (taka ni hela ya kwao) aliyokopeshwa mwanamke, matumizi ya kaya yanaongezeka taka 18 kwa mwaka. Hiyo 18 ilizunguka dunia nzima, kila mfadhili anaitaja. Baadaye Roodman na Morduch wakaichukua data ile ile wakaifumua upya, wakakuta matokeo yanabebwa na kaya chache zilizo mbali sana na wenzao, ukiziondoa ile faida inayeyuka. Pitt naye akawajibu kwa ukali, wakarushiana makaratasi miaka. Data ni moja!

Njia iliyotuliza kidogo ugomvi ni ile ya kupiga kura ya bahati, nani aanze nani asubiri. Hyderabad, India, walichukua maeneo 104, nusu yake yakachaguliwa kwa bahati nasibu taasisi ifungue tawi la mikopo, nusu ikasubiri. Banerjee, Duflo na wenzao wakarudi baada ya mwaka na kitu. Walikuta nini? Biashara mpya zimeongezeka kidogo, waliokuwa na biashara wamewekeza zaidi, ila matumizi ya kaya kwa wastani hayana tofauti ya maana, afya na elimu ya watoto vile vile. Mwaka 2015 zikakusanywa tafiti sita za namna hiyo, Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zikasema karibu kitu kimoja, mkopo mdogo una faida za kiasi tu, haugeuzi maisha ya mtu wa kawaida. Mleta mada nadhani unashinda hii.

Boda, Igoma

Sasa mwalimu Hyderabad na Igoma wapi na wapi?? Wale wana riba sisi haina, wale wana viwanda sisi tuna sangara. Utafiti wa India ukaamue mkopo wa mama yangu?

Mwalimu wa hesabu, Nyegezi

Swali zuri kijana na wala huhitaji kwenda India kulipata. Hapa hapa Mwanza 1991 hadi 1994 walifanya jaribio la kutibu magonjwa ya zinaa vizuri kwenye zahanati, jamii 12, sita zikaanza sita zikasubiri, maambukizi mapya ya virusi vya ukimwi yakawa pungufu kwa kama asilimia 40. Dunia ikashangilia. Wakajaribu Rakai, Uganda, ziwa hili hili tunalonywa maji wote, wakatoa dawa kwa watu wote nyumba kwa nyumba, matokeo hayakuonyesha tofauti. Nani kadanganya? Hakuna. Rakai ugonjwa ulikuwa umeshaenea sana kuliko huku, na namna ya kutoa tiba ilikuwa nyingine. Kwa hiyo nakubali, utafiti wa kwingine haukupi jibu, unakupa maswali ya kuuliza kwako. Ila mtu asiitumie hiyo kukwepa kupimwa kabisa, ndipo wanapokimbilia wengi.

Muuza dagaa, Kirumba

Na mimi sijamaliza. Huyo aliyesubiri mnayemlinganisha na mimi ni nani? Maana mwenzangu wa meza ya pili hakupata mkopo. Mimi nikapata, nikaongeza mzigo nikapunguza bei, wateja wake wakaja kwangu, yeye akashuka. Mkitupima mtasema mimi niko juu yake sana, kumbe mimi nimepanda kidogo na yeye kashuka kwa sababu yangu. Mwaloni wote haujaongezeka hata shilingi.

Mleta mada, Ilemela

Dada shikamoo tena. Hii sikuifikiria aisee.

Mkusanya data wa zamani, Bukoba

Niliona mada nikasema nipite lakini hapo kwa jirani wa meza ya pili nimeshindwa. Jirani anaharibu hesabu pande zote mbili jamani. Busia Kenya, si mbali na ziwa, Miguel na Kremer waliwapa watoto dawa za minyoo na kichocho kwenye shule 75 kwa zamu, wakaandika 2004 kwamba utoro umepungua kama robo. Kule jirani alifanya kinyume na wa meza ya pili, mtoto akitibiwa hasambazi minyoo, hata asiyemeza dawa anapona kidogo, kwa hiyo ukilinganisha mtoto kwa mtoto utaona dawa haina faida kubwa kumbe aliyebaki naye kafaidika. Ndio maana waligawa makundi kwa shule nzima. Mwaka 2015 wengine wakairudia hesabu wakakuta makosa, hasa kwenye faida ya shule za mbali, wenyewe wakakubali makosa lakini wakasema kiini kimebaki. Mpaka leo kuna watu hawasalimiani kwa ajili ya minyoo.

Na kwa mleta mada, wewe unasema waliopotea ndio walioshindwa. Umejuaje? Huku Kagera kuna utafiti ulianza 1991 na kaya 915, wakarudi 2004 na hawakuishia kijijini, walimfuata mtu alikohamia, Mwanza, Dar, hadi Uganda, na zaidi ya kaya tisa kati ya kumi walimpata angalau mtu mmoja. Wakalinganisha ndugu waliokuwa nyumba moja, mmoja kabaki mmoja kahama. Aliyehama, ukuaji wa matumizi yake ulizidi wa yule aliyebaki kwa pointi 36 za asilimia. Wangehoji waliobaki tu wangesema watu wa Kagera wamesogea kidogo tu. Sasa huyo mwenyekiti wako aliyekimbilia Geita pengine ana duka la vifaa vya wachimbaji anakula bata, wewe umeshamzika.

Kazi ya dodoso nimeifanya naijua, kumtafuta mtu mmoja aliyehama unatumia siku tatu na nauli ya boti, mradi unataka dodoso tano kwa siku. Wapo waliokuwa wanajaza chini ya mwembe, tulikuwa tunawajua, majibu yote yanaishia na sifuri na tano.

Mleta mada, Ilemela

Nimekamatika hapo, nakubali. Nilidhani waliopotea wote wanaegemea upande mmoja, kumbe bila kuwatafuta hata upande sijui. Basi nasema hivi, waombaji wa mkopo siku zote ni wengi kuliko hela. Kwa nini halmashauri isichuje wenye sifa, halafu kati ya wenye sifa ipigwe kura hadharani? Waliokosa wanaingia awamu ijayo. Tunapata kundi la kulinganisha bure, hakuna mtafiti wa kulipwa dola.

Boda, Igoma

Bahati nasibu kwenye maisha ya watu?? Mama yangu akose kwa sababu karatasi imetoka tupu?

Muuza dagaa, Kirumba

Mwanangu kwani sasa hivi anakosa kwa sababu gani? Anakosa kwa sababu hamjui mtu. Mie bora karatasi. Ila na mimi nina wasiwasi wangu, ikipigwa kura kikundi kwa kikundi hapa mwaloni yatakuwa yale yale ya meza ya pili. Pigeni mwalo kwa mwalo, kisiwa kwa kisiwa.

Mwalimu wa hesabu, Nyegezi

Sahihi kabisa, tatizo mialo ni michache, na ukiwa na vitu vichache vya kupigia kura hata faida ya kweli inaweza isionekane kwenye namba. Na hapa nijisute, nilivyosema Hyderabad haikuona tofauti nilikimbia. Kule tawi lilikofunguliwa waliokopa taasisi za aina hiyo walikuwa kama asilimia 27, kule halikufunguliwa 18. Yaani tofauti ya watu tisa kwa mia, na wastani umechukuliwa kwa wote mia. Faida ya hao tisa ikigawanywa kwa mia inabaki chembe. Kutoona tofauti siyo kuthibitisha haipo, wanafunzi wangu nawachapa kwa hilo na mimi nimelifanya mbele za watu.

Mkusanya data wa zamani, Bukoba

Mwalimu anajisuta, mleta mada kakubali, hii mada leo imelaaniwa 😂 Mimi kura yangu visiwa. Ukerewe peke yake ina visiwa kibao, vingine vipate mwaka huu vingine mwakani, na dodoso liwe na swali la kausha damu na swali la usingizi kama alivyosema dada. Na hali ya mbalamwezi siku hiyo iandikwe juu kabisa.

Muuza dagaa, Kirumba

Iandikwe. Na mkija kwangu njooni giza limeshaanza, siku za mbalamwezi nimelala na nina hasira.