Naomba ushauri: nakala rudufu zangu nizihakiki vipi?

Wakuu, habari zenu. Kila wiki nanakili picha na nyaraka kwenda diski ya nje kwa rsync -a, amri ya kunakili faili zilizobadilika tu. Kumbe amri hii hulinganisha ukubwa wa faili na muda lilipobadilishwa tu, haisomi yaliyomo! Juzi picha mbili za marehemu mama zilikataa kufunguka kwenye diski, na rsync haikuonyesha kosa lolote. Namshukuru Mungu za kwenye kompyuta ni nzima.

Nikiongeza --checksum, ili rsync ilinganishe yaliyomo, naogopa: faili likiharibika kwenye kompyuta, si litafunika lile zima la kwenye diski? Nafikiria kutunza orodha ya sha256sum (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye kila faili, yakibadilika nayo hubadilika) na kuikagua kwa sha256sum -c kabla ya kunakili. Ila faili nilizohariri mwenyewe nitazitofautishaje na zilizoharibika? Waliozoea, naombeni mnielekeze.