Fielder 1500 inanipa kilomita 8 kwa lita. Plagi na airkilina ni mpya, bado inabugia

Mkazi wa Section 58

Wadau hamjambo. Gari ni Corolla Fielder ya 2010, NZE141, injini 1NZ-FE ya 1500cc, gia ya CVT (otomatiki ya mkanda), dashibodi inasoma kilomita 148,000. Mjini Nakuru linanipa kilomita 8.2 kwa lita. Safari ya Kisumu linanipa 10.5. Napima kwa kutia mafuta ya elfu tatu na kuhesabu mpaka taa ya tenki iwake.

Mpaka sasa zimewekwa plagi nne mpya na airkilina mpya, injekta zimeoshwa, na oili ya 20W-50 imemwagwa ikatiwa nyingine. Sijaona tofauti hata ya nusu kilomita. Taa ya injini haiwaki. Aliyekuwa nalo kabla yangu aliliinua kwa spesa akalivalisha tairi za 205/70 R15, ilhali kibandiko cha mlangoni kinasema 195/65 R15. Asubuhi ekzosi inanuka petroli. Fundi mmoja ananiambia ni hewa nyepesi ya Nakuru, mwingine anataka tubadilishe pampu ya mafuta. Nianzie wapi kabla sijamwaga pesa zaidi?

Spana Kumi na Nne

Anzia kwenye hesabu, kwa sababu 8.2 yako si 8.2.

Kwanza tairi. 195/65 R15 ina kimo cha milimita 634 na ushei. 205/70 R15 ina 668. Hiyo ni asilimia 5 zaidi, maana yake gurudumu likizunguka mara moja gari linakwenda mbele kuliko dashibodi inavyodhani. Washa ramani ya simu, tembea kilomita 100: dashibodi itakuambia 95. Kwa hiyo mjini unapata kama 8.6 na barabarani kama 11. Bado ni mbaya kwa 1NZ. Ikiwa nzima inafika 10 hadi 12 mjini na 14 hadi 16 barabarani, ukikaa kati ya 80 na 90 kwa saa. Lakini usitafute kilomita ambazo tayari unazo.

Pili, taa ya tenki si kipimo. Inawaka kwa kuelea kwa boya, na boya hucheza gari likiegeshwa mteremkoni. Jaza tenki mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze tone. Andika kilomita. Tembea mpaka umetumia si chini ya lita 25, rudi kituo kilekile, pampu ileile, jaza mpaka lijikate tena. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Ukikosea lita moja kwenye lita 10, hesabu imepotoka kwa asilimia 10; ukikosea lita hiyo hiyo kwenye lita 30, ni asilimia 3 tu. Wanaolalamika kwa mafuta ya elfu moja moja hupimana na makosa yao wenyewe.

Na usijilinganishe na ile kilomita 17 au 18 ambayo wanunuzi huambiwa. Namba za magari ya umri huo hutoka kwenye kipimo cha Japani cha 10·15, kinachofanyiwa juu ya rola, na mwendo wa juu kabisa ni kilomita 70 kwa saa. Hakuna matuta ya kwetu humo.

EFI Kisumu

Fundi wa pampu mwambie angoje. Pampu ikichoka, presha inashuka na injini inakosa mafuta, inakosa nguvu mlimani. Haiongezi ulaji. Kwenye 1NZ presha inatakiwa iwe kati ya psi 44 na 50. Ipime kwa geji kabla ya kununua chochote.

Airkilina pia isikupe matumaini. Enzi za kabureta ikiziba gari lilikunywa kweli. Gari la injekta hupima hewa inayoingia na kutoa mafuta kulingana nayo, hivyo airkilina chafu inakula nguvu zaidi kuliko mafuta. Ibadilishwe, ndiyo, ila si hiyo iliyokupotezea kilomita nne.

Kuhusu taa kutowaka: taa huwaka hitilafu ikivuka mpaka uliowekwa. Chini ya mpaka huo gari linaweza kulewa petroli mwaka mzima na dashibodi ikabaki kimya. Tafuta skena ndogo ya bluetooth, ichomeke chini ya usukani, endesha nusu saa, kisha utuletee haya: joto la maji mjini na barabarani, marekebisho ya mafuta ya muda mrefu na ya muda mfupi, gramu za hewa kwa sekunde injini ikinguruma bila kukanyagwa, na mizunguko yake. Halafu fungua plagi moja utuambie rangi ya ncha.

Ukitoka barabarani siku hiyo, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Nataka kujua kama kuna moja yenye moto kuliko mwenzake wa upande wa pili.

Mkazi wa Section 58

Nimepima. Joto la maji: 74 kwenye foleni, 64 hadi 68 nikishuka kutoka Mbaruk kwa kilomita 80 kwa saa. Muda mrefu +14, muda mfupi +3. Hewa gramu 2.1. Mizunguko 920 na haishuki. Plagi zina kilomita 3,000 tu na zote nne ni nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole. Rimu ya nyuma kushoto ni ya moto, ya kulia vuguvugu.

EFI Kisumu

Sasa tuna gari la kuzungumzia. Una shida tatu, na hakuna hata moja iliyoguswa na pesa ulizotumia.

Joto. 1NZ inatakiwa ikae kati ya 85 na 95 na ibaki hapo, mlimani au mteremkoni. Digrii 64 barabarani maana yake thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ipate moto, haipo, au imekwama wazi. Ningeweka dau kwamba imetolewa. Ni mazoea mabaya ya gereji zetu, gari likichemka mara moja thamostati inatupwa na mteja anaambiwa “huku kwetu kuna joto, haihitajiki”. Kompyuta ya injini ikiona digrii 66 inadhani bado ni asubuhi: inaendelea kumwaga mafuta ya kupasha moto, inashikilia mizunguko juu (ndiyo 920 yako, ilhali ikipata moto hukaa karibu 700), na oili inabaki nzito. Hukuliona kwa sababu Fielder hii haina mshale wa joto, ina taa ya buluu tu, na taa hiyo huzimika mapema sana, injini ikiwa bado vuguvugu.

Nunua ya digrii 82 pamoja na mpira wake. Kabla ya kuifunga, ijaribu: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka wazi, kama upana wa penseli. Ikifunguka kwa 70 au isipofunguka kabisa, mrudishie muuzaji. Ukifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kielekee juu ili hewa ipite. Tia kulanti, si maji ya mfereji. Washa injini mfuniko wa redieta ukiwa wazi, hita kwenye moto wa juu, ukiongeza taratibu mpaka mapovu yaishe. Angalia na feni: kama imeunganishwa moja kwa moja na swichi ili izunguke muda wote, irudishwe kwenye rilei yake, la sivyo thamostati mpya itapigana nayo.

Lakini thamostati pekee haielezi +14, na hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Skena inasema kompyuta inaongeza mafuta asilimia 14 kwa sababu inaona mchanganyiko una mafuta machache. Plagi zinasema mafuta ni mengi mpaka yanaacha masizi. Wawili hawa hawawezi kusema kweli pamoja. Plagi haina sababu ya kudanganya. Iko ndani ya moto wenyewe. Anayedanganya ni sensa ya oksijeni ya kwanza, au anayemdanganya sensa.

Mara nyingi ni tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa: gasketi ya manifoldi, ufa, au weldi ya jua kali pale ketalisti (kisafisha moshi) ilipokatwa. Gesi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje kupitia tundu hilo. Sensa inanusa oksijeni, inaripoti “mafuta yamepungua”, kompyuta inaongeza, na petroli hiyo inachomwa bure. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, mwache mwenzako awashe na kuziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene sekunde chache, wewe sikiliza chini ya boneti. Utasikia tss-tss-tss inayofuata mizunguko. Tafuta alama nyeusi ya masizi kando ya weldi au kwenye ukingo wa gasketi. Usisubiri lipate moto, chuma hutanuka na tundu dogo hujificha.

Ukikosa tundu, chunguza sensa yenyewe. Ya aina ya kawaida inatakiwa iruke kati ya volti 0.1 na 0.9, mara kadhaa kwa sekunde kumi, injini ikiwa na moto na mizunguko 2,500. Ikilala chini ya 0.3 huku plagi ni nyeusi, imekufa. Ikiwa ni ya A/F, ile inayopima uwiano wa hewa na mafuta, tazama lamda (namba ya uwiano huo kwenye skena) badala ya volti.

Hewa yako ya gramu 2.1 ni sawa kwa 1500cc. Usimruhusu mtu akuuzie sensa ya hewa.

Spana Kumi na Nne

Naongezea kuhusu rimu ya moto, maana EFI ameipita. Nyuma ya gari hili ni dramu. Weka gogo mbele ya magurudumu ya mbele, teremsha hendibreki, inua nyuma kwa jeki na uweke stendi, zungusha gurudumu kwa mkono. Likizunguka chini ya mara moja na kusimama, breki inashika. Legeza nati ya waya wa hendibreki. Likiachia, waya ulikazwa kupita kiasi. Mafundi hukaza waya badala ya kurekebisha viatu vya ndani. Lisipoachia, fungua dramu: utakuta silinda ya gurudumu imekwama kwa kutu au springi ya kurudisha imevunjika. Hendibreki ikiwa sawa, inashika ikivutwa mara 6 hadi 9 za “tik”.

Na tairi ukizibadilisha siku moja, rudi kwenye 195/65. Zile kubwa ni nzito na zinafanya gia ya CVT ifanye kazi zaidi kila unapoondoka kwenye tuta. Upepo fuata kibandiko cha mlangoni, upime tairi zikiwa baridi.

Ahero Junction

Mimi nilikuja kwa ajili ya ile “hewa nyepesi”. Si kweli. Gari hili linapima hewa, likipata kidogo linatoa petroli kidogo. Kinachokula mafuta huku ni kupanda, na kinaweza kuhesabiwa.

Nakuru iko mita 1,850 hivi, Mau Summit iko juu ya 2,500, Kisumu 1,130. Ukirudi kutoka Kisumu unanyanyua gari na abiria, tuseme kilo 1,300, kwa karibu mita 1,400. Kazi hiyo ni megajuli 18. Lita ya petroli ina kama 32, na injini hunufaika na robo yake. Kwa hiyo ni lita mbili na kidogo za kupanda tu, kabla hujahesabu kilomita. Kwenda Kisumu unapanda nusu ya hapo, kisha unateremka. Ndiyo maana kipimo cha upande mmoja hakifai: jaza Nakuru, nenda, rudi, jaza Nakuru.

Na tafadhali usiteremke mlima wa Sachang'wan kwa nyutro eti unabana mafuta. Gari la injekta likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye pedali, injekta hufungwa kabisa, halinywi kitu. Ukiweka nyutro injini lazima ilishwe ili isizimike, zaidi ya nusu lita kwa saa, na breki ndizo zinazobeba mlima wote.

Mkazi wa Section 58

Shukrani sana. Na hii oili ya 20W-50, niimwage tena?

EFI Kisumu

Subiri servisi ijayo, kisha tia 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta. Utapata kidogo, si miujiza. Ila mwambie fundi asiguse CVT kwa oili ya gia ya kawaida. Ina oili yake, ukikosea mkanda wa ndani unateleza na hapo bili itakuwa ya gia nzima.

Fanya hivi: ekzosi na thamostati siku moja, breki kesho yake. Plagi zifute masizi, pima mwanya uwe milimita 1.1, zirudishe. Kisha chomoa waya hasi wa betri dakika kumi ili kompyuta isahau ile +14, endesha kilomita 50 mchanganyiko wa mji na barabara, usome tena. Ikikaa kati ya -5 na +5, jaza tenki na uanze kuhesabu. Ikirudi juu ya 10, tundu bado lipo, rudi chini ya boneti asubuhi na kile kitambaa.