Rangi ya ukutani imebaki nusu ndoo, naweza kupaka kabati la mbao?

Bint Chuno
Habari za leo wapendwa, naombeni ushauri kabla sijaharibu kitu. Mwezi uliopita tulipaka sebule na vyumba viwili hapa Chuno, Mtwara, imebaki karibu nusu ndoo ya rangi ya maji, ile ya silki inayong'aa kidogo, nyeupe ya maziwa, nzima kabisa haijaganda. Sasa nina kabati la vyombo la marehemu mama, la zamani lile lenye vioo vya kusukuma juu na milango miwili chini, lilikuwa kwake Newala tangu mi niko shule ya msingi, tulipogawana vitu wenzangu wakachukua vitanda mi nikasema naomba kabati. Mbao haijaguswa na mchwa hata kidogo ila vanishi imekuwa nyeusi inabanduka vipande, ubavu uliokuwa unaangalia jikoni umeshika moshi na mafuta mpaka ukipitisha kidole kinanata. Ndani mashelfu yalishapakwa rangi ya bluu ya mafuta zamani sana. Nina na meza ya kulia ya paini, na vistuli viwili tunavyokalia tukibangua korosho.

Fundi mmoja jirani kasema rangi ya ukuta kwenye mbao ni kujisumbua, wiki moja imebanduka, ninunue ya mafuta. Mwingine kasema paka tu mbona watu wanapaka. Hela imebana, korosho bado ziko kwenye maua, na rangi ninayo hapa hapa. Lakini lile kabati nikiliharibu sipati lingine. Niambieni ukweli, inashika au haishiki? Na kama inashika naanzia wapi?

njomba wa Ligula
Inashika. Mi nilipaka shelfu la vitabu na kile kimeza cha pembeni ya kitanda, rangi ya ukutani hiyo hiyo, mwaka wa pili huu haijabanduka. Ila nilipiga msasa kwanza mpaka mkono ukauma, na juu nikamalizia vanishi ya maji isiyo na rangi. Wanaosema haishiki wengi walipaka juu ya vanishi inayong'aa bila kukwangua, hapo hata rangi ya bei gani haishiki.

Mama Wawili
Dada hiyo meza ya kulia naomba uiache kabisa, nakwambia kwa yaliyonikuta. Mwaka juzi kabla ya Idi nikaona meza yangu imechakaa nikaipaka rangi ya ukutani mikono miwili, yaani tabaka mbili, ikapendeza nyeupeee, kesho yake asubuhi nikatandika kile kitambaa cha nailoni chenye maua nikaweka sufuria la wali limetoka jikoni sasa hivi na chini nimeweka mkeka mdogo tu wa ukindu. Wageni wameondoka jioni natoa kitambaa kisafishwe, kimeganda. Navuta taratibu nasikia krrr, rangi inakuja nayo, pale palipokaa sufuria pametoka duara zima mpaka mbao inaonekana, na sehemu nyingine maua ya kitambaa yamejichapa kwenye rangi. Nililia kwa kweli maana nilikuwa nimeshinda siku mbili juani kwa ajili ya ile meza. Kabati sawa, shelfu sawa, lakini kitu kinachowekwa vya moto na kufutwa kila siku hapana.

Seremala Mtanda
Dada pole na msiba wa mama hata kama ni wa siku nyingi. Mimi ni seremala hapa Lindi, miaka kumi na kitu kwenye karakana, ngoja nikujibu kwa urefu maana wote waliokujibu wako sahihi ila kila mmoja kwa kitu chake.

Rangi ya maji ndani yake ni gundi ya plastiki iliyochanganywa na maji na unga wa rangi. Maji yakiondoka chembe za ile gundi zinashikana zinakuwa utando. Ukutani inakamata kwa sababu plasta ina vinyweleo inaingia ndani, sasa vanishi ya zamani ni kama kioo, utando unakaa juu tu hauna pa kushika, ukucha ukigusa unatoka. Ndo maana msasa sio wa kupendezesha, ni wa kuipa rangi mahali pa kung'ang'ania. Na jambo la pili watu wanachanganya kukauka na kukomaa. Ukigusa baada ya saa moja au mbili kidole hakishiki rangi unasema imekauka, lakini ndani bado laini, kukomaa kwenyewe ni wiki tatu mpaka nne, na huku pwani kwenye unyevu isiwe pungufu ya hapo. Hata ikishakomaa inabaki ina ulaini fulani, ikipata joto na uzito inagandana na kilichokaa juu yake. Kilichompata Mama Wawili ndo hicho, siku moja tu, nailoni na joto juu yake. Kuwa kwako ni silki ni afadhali, inasafishika kirahisi kidogo kuliko ile isiyong'aa inayokunywa kila uchafu wa mkono.

Sasa nakuuliza wewe, hilo kabati ni mbao gani? Maana kama limetengenezwa Newala miaka hiyo nahisi mkongo au mninga, na hapo ndo pana shughuli. Niliwahi kupewa kitanda cha mninga na mteja anataka cheupe, nikapiga msasa nikapaka rangi ya maji mikono mitatu, kimetoka safi. Siku ya tatu naingia karakana asubuhi nakuta kwenye ubao wa kichwani yametokea madoa mekundu kama umemwagia chai ya rangi, yanafuata mishipa ya mbao. Nikaongeza mkono wa nne, jioni yake yale yale yamerudi. Zile mbao zina rangi yao ya ndani inayoyeyuka kwenye maji, na rangi ya maji inaivuta yenyewe kuja juu, kwa hiyo unavyoongeza unazidi kuita. Nilikwangua chote, nikapaka andakoti ya mafuta, ile rangi ya chini ya kuzibia mbao, mkono mmoja nikaacha siku nzima na usiku wake, ndipo nikarudia nyeupe, na gharama ilikuwa yangu. Paini nayo ina lake, vile vifundo vinatoa utomvu vinageuka njano chini ya nyeupe, napo andakoti ya mafuta inasaidia.

Kwa hiyo usifungue ndoo bado. Geuza kabati, mgongoni chini pasipoonekana piga msasa sehemu ya ukubwa wa kiganja, paka mikono miwili, kaa siku tatu nne uangalie. Tuma na picha ya ile sehemu uliyokwangua kabla hujapaka.

Vile vistuli vya korosho usivihangaikie. Mafuta ya ganda la korosho yakishaingia kwenye mbao hayatoki, yale yale yanayokubabua vidole, rangi haikai juu yake na weusi utajitokeza tu. Na sio kwamba yameiharibu mbao, viwandani ganda hilo ndo linakamuliwa mafuta ya kutengenezea vanishi na rangi. Vistuli vyako vimeshapakwa tayari na korosho zenyewe.

Nesi wa Nachingwea
Naongezea moja tu kuhusu yale mashelfu ya bluu. Rangi za mafuta za zamani nyingi ziliwekwa risasi, na vumbi lake likimwingia mtoto linaathiri ubongo na halitoi dalili za haraka. Usipige msasa mkavu humo. Loanisha, tumia ule msasa mweusi wa maji, futa kwa kitambaa kibichi na maji yake usimwage pale wanapocheza, jifunge barakoa, na watoto wasiwe karibu mpaka umeshadeki. Ukiona ile bluu imeshika vizuri haibanduki, pitisha tu huo msasa wa maji juu kidogo halafu ifunike, usihangaike kuikwangua yote.

Mzee wa Mikindani
Mwanangu, mimi nina ombi. Kama ni mkongo usiupake. Tembea hapa Mikindani utazame milango ya nyumba za zamani, imepigwa chumvi ya bahari na mvua kwa miaka ambayo mimi na wewe hatukuwepo, mbao bado inaita. Wajukuu zangu nao wamekuja na hizo rangi nyeupe kila kitu cheupe, nimewaachia ya paini wapake wanavyotaka. Lakini mkongo wa siku hizi kuupata mbao pana namna ile ni kazi. Kilichochoka hapo ni vanishi, mbao haijachoka. Ondoa vanishi.

Bint Chuno
Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni wote, nimesoma kila neno. Nimefanya kama fundi alivyosema. Nimeosha kwanza ubavu wa jikoni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, maji ya kwanza yalitoka kama ya kuoshea sufuria la kuni, nimerudia mara tatu nikasuuza nikaacha likauke siku mbili barazani. Mgongoni nimekwangua, ndani pametoka wekundu wa kahawia una mistari myeusi myembamba, na inanukia vizuri mno sijui niseme kama nini. Nimeonyesha fundi wa hapa kasema mkongo bila kuuliza mara mbili. Nikapaka kile kiganja mikono miwili jumatatu. Jana alhamisi pamekuwa na wingu la njano njano, leo ni doa kabisa. Kwa hiyo kwa nje nimekubali, mzee umeshinda, sipaki. Ila naomba basi humo ndani kwenye bluu nipake nyeupe, vyombo vionekane maana vioo viko mbele na ndani giza. Na nje naondoaje vanishi bila kuua mbao?

Seremala Mtanda
Hapo sasa umenifurahisha sana. Ndani paka, tena kule haitatoa doa kwa sababu ile bluu ya mafuta imeshaziba mbao, inakuwa ndo andakoti yako. Fuata ya nesi, msasa wa maji, futa, iache ikauke. Mkono wa kwanza changanya maji kidogo, sehemu moja ya maji kwa tisa za rangi, upake mwembamba. Watu wanaharibu kwa kutaka ifunike mara moja, wanapaka nzito inatiririka inaacha machozi kwenye kona. Mikono mitatu myembamba inashinda mmoja mzito. Acha saa nne kati ya mkono na mkono, na kabla ya wa mwisho pitisha msasa laini namba 220 kama unapapasa. Juu malizia vanishi ya maji mikono miwili, usije ukaweka ile ya mafuta juu ya nyeupe, inageuka njano hasa ndani ya kabati pasipoingia mwanga. Lita moja inafunika kama mita kumi za mraba hivi, kwa hiyo nusu ndoo yako kabati halitaimaliza, funga mfuniko vizuri utunze.

Nje anza na skrepa, kile chuma bapa cha kukwangulia, shika kwa mikono miwili vuta kuja kwako, ile iliyobanduka itatoka yenyewe. Kisha msasa namba 80 pale vanishi ilipong'ang'ania tu, 120 kote, malizia 220. Fuata mishipa ya mbao, ukikata kwa mkato mikwaruzo haionekani leo, vanishi ikikaa ndo inaonekana yote. Funga pua, vumbi la mkongo linawasha. Na upake asubuhi mapema kabla kusi halijaamka, huku kwetu mchana upepo unaleta mchanga unajibandika kwenye vanishi mbichi unabaki nao milele. Jua kali nalo hapana, kaa barazani.

Mama Wawili
Na meza je?

Seremala Mtanda
Miguu na fremu ya chini apake nyeupe kama ana hamu, vifundo avizibe kwanza kwa andakoti ya mafuta. Uso wa juu akwangue aweke vanishi ya mafuta mikono mitatu, na sufuria la moto liwekewe ubao. Yako Mama Wawili ni hivyo hivyo, inarudi, njoo nayo hata uso peke yake.

Bint Chuno
Nimerudi, wiki ya tatu. Nje limekuwa lile lile nililokuwa naliona nikitumwa kikombe nikiwa mdogo, mdogo wangu kaja kutoka Tandahimba kasimama mlangoni hajasema kitu muda mrefu. Ndani peupe vyombo vinaonekana mpaka kitako. Vyombo sijaweka bado nasubiri wiki nyingine kama mlivyosema.

Swali langu la mwisho fundi. Mlango wa chini wa kulia, upande wa ndani ambao haukupakwa bluu, nilipofuta moshi yametokea maandishi ya penseli, mwandiko wa mama. Ni mahesabu ya korosho, 1994 gunia sita, 1995 gunia nne na nusu, inaenda hivyo mpaka 2003, na pembeni ya 1997 kaandika mvua. Mlango huo bado sijaugusa kwa msasa wala chochote. Nikipaka vanishi yatafutika?

Seremala Mtanda
Usipige msasa hapo kabisa na usifute tena kwa maji. Penseli haiyeyuki kwenye vanishi ya mafuta, kinachoifuta ni brashi ikiburuzwa mara mbili mbili pale pale. Ulaze mlango chini kwenye meza, chukua kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, chovya kwenye vanishi kidogo sana, gusagusa juu ya maandishi usivute. Acha siku nzima ishike. Kesho yake ukiona imekuwa ngumu unaweza kupitisha brashi laini mara moja kwenda upande mmoja, hayataondoka. Lakini jaribu kwanza kwa kuandika na penseli yako mgongoni mwa kabati, pale pale penye lile doa.