Mrejesho: bolti za foki zimetoka

Wiki iliyopita niliuliza nifanyeje na bolti mbili za kubana foki (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) ya pikipiki yangu, zilizokatikia ndani. Asanteni sana wakuu, zote zimetoka! Nilizimwagia mafuta ya kulegeza kutu zikalala nayo, asubuhi nikasukuma pikipiki hadi kwa fundi wa kuchomelea pale Kibuye, Kisumu. Aliweka nati juu ya kisiki cha bolti, akachomelea kupitia tundu lake, akaacha kipoe kidogo. Spana ilipozunguka tu, kutu ikamwagika kama unga wa wimbi. Ya pili ilikatikia chini kabisa, ikabidi itobolewe katikati polepole. Hapo nilikuwa roho mkononi, maana drili ikienda upande, meno ya tundu yameisha. Nimefunga bolti mpya za 8.8, yaani daraja la nguvu ya bolti. Abiria sibebi kwanza, mpaka niijaribu.