MREJESHO: Famasi yangu ya Mbagala na majirani niliokuwa nawanunia

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza hapa: mwenye famasi moja, asiye na matawi, atapataje bei nzuri Kariakoo wakati wauzaji wa jumla wanataka aagize maboksi mengi. Mkaniambia nitafute wenye famasi wenzangu tuagize pamoja. Nilisita, yule wa ng'ambo ya barabara tulikuwa hatusalimiani.

Nikaanza na huyohuyo. Leo tuko wanne, Mbagala mpaka Kongowe. Tunaagiza siku moja kwa muuzaji mmoja mwenye kibali, ila kila famasi inapewa ankara na risiti yake ya EFD (mashine ya risiti za kodi), mkaguzi akija asikute dawa isiyo na karatasi. Bei ya amoksilini na dawa za presha imeshuka, si sana, lakini nauli ya mzigo inarudi.

Faida kubwa imekuwa kundi letu la WhatsApp. Mteja akikosa insulini kwangu, namwelekeza kwa mwenzangu mwenye friji nzuri, naye hunielekezea wa kwake. Tangazo la TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, la kuondoa dawa sokoni likitoka, tunashtuana palepale.

Kukopeshana hela ndiko kulikotushinda. Mmoja alichelewesha wiki tatu, tukaacha kabisa. Aliyeuliza kama tunatumia mfamasia mmoja: hapana, kila mtu bado ana wake.